Kinachofunguka Ndicho Kinacholipwa: Bei ya Bastola Iliyorekebishwa

Mwenye bastola anaiweka juu ya kaunta ya duka la silaha, tuseme Phoenix au Houston, kisha anaanza kuorodhesha. Glock 19 yenyewe aliinunua mpya kwa dola 550. Kilengeo cha nukta nyekundu, 300. Slaidi, yaani kile kipande cha juu kinachorudi nyuma kila risasi inapotoka, aliipeleka kuchongwa nafasi ya kufungia kilengeo hicho, 150. Vilengeo vya chuma vinavyong'aa gizani, 110. Kifyatulio kipya, 170. Mpini umechomwa vinundu ili usiteleze mkononi, 200. Juu ya yote ikapakwa rangi ya kauri, 200. Jumla dola 1,680. Anajiona muungwana anapotaja 1,400. Muuzaji anaigeuzageuza, anavuta slaidi, anachungulia ndani ya mtutu, anasema: "Naweza kukupa 350."

Hapo huzuka manung'uniko, ingawa kila mmoja ana hesabu yake iliyonyooka. Mwenye mali anajumlisha pesa zilizomtoka. Muuzaji anamfikiria mteja atakayeingia wiki ijayo na kujiuliza huyo atakubali kulipia nini. Thamani ya kuuzia tena imo katika hesabu ya pili, na yeyote anayetaka kuuza, kununua au kuanza kurekebisha bastola huko Marekani anaweza kuipiga mwenyewe kabla hajaifikia kaunta.

Bei ya msingi

Hatua ya kwanza ni kuyasahau marekebisho yote na kuuliza: bastola ya aina hii, ya umri huu, ambayo haijaguswa, inakwenda kwa kiasi gani? Wamarekani wana vyombo viwili vikuu vya kujibu swali hilo. Kimoja ni Blue Book of Gun Values, kitabu kinene kinachopanga bei za kila aina kwa asilimia ya rangi ya kiwandani iliyobaki: bastola ya asilimia 98 ina bei yake, ya asilimia 90 ina yake, ya asilimia 60 ina yake. Kingine ni minada ya mtandaoni, hasa GunBroker, iliyoanza mwaka 1999. Humo usitazame bei zinazoombwa. Tazama minada iliyokwisha na kulipwa. Mtu yeyote anaweza kuandika dola 2,000, na tangazo lililokaa miezi sita bila mnunuzi linaonyesha kwamba bei hiyo haina mtu.

Kwa Glock 19 iliyotunzwa vizuri, tuchukue dola 420 kuwa bei ya msingi. Kisha ikague: michubuko ya kuingizwa na kutolewa katika ala, hali ya mtutu, na kama sanduku la kiwandani, magazini zote na karatasi bado vipo. Magazini moja ya kiwandani hugharimu karibu dola 30, kwa hiyo mbili zikikosekana mnunuzi hushusha bei bila kusita.

Namba ya silaha iko wapi?

Kwa sheria ya shirikisho ya Marekani, kipande kinachobeba namba ya silaha ndicho kinachohesabiwa kuwa bastola. Vingine ni vipuri, na katika majimbo mengi huagizwa na kuletwa nyumbani kama kipuri cha baiskeli. Jambo hili la kisheria ndilo linaloamua sehemu kubwa ya thamani ya marekebisho.

Kwenye Glock, namba imo katika fremu ya plastiki, na fremu hiyo ndiyo pia mpini. Ukiuchoma vinundu kwa ncha ya moto, umeichoma bastola yenyewe, na hakuna dukani fremu nyingine ya kubadilisha kimyakimya. Kwenye bastola ya aina iitwayo 1911, namba imo katika fremu ya chuma, hivyo mikato ya mbele ya mpini hubaki humo milele. Lakini vibao viwili vya pembeni hushikwa kwa skrubu na hutoka ndani ya dakika chache. SIG Sauer P320, ambayo jeshi la Marekani liliichagua mwaka 2017 na kuipa jina la M17, imepangwa kwa namna nyingine kabisa: namba imo kwenye kitengo kidogo cha chuma kinachobeba mfumo wa kufyatulia, na mpini ni kipuri cha dola 50 hivi. Mwenye P320 anaweza kuchoma, kupaka na kukata mpini apendavyo, na siku ya kuuza akafunga mwingine mpya. P320 ina mzigo wake mwingine sokoni, kwa kuwa kesi za watu wanaodai ilifyatuka bila kuguswa, madai ambayo kampuni inayakana, zimewatia baadhi ya wanunuzi wasiwasi.

Kwa hiyo kabla ya kumkabidhi fundi kitu chochote, uliza kazi itafanywa kwenye kipande kipi. Slaidi iliyochongwa vibaya hubadilishwa kwa mia kadhaa za dola. Fremu iliyoharibiwa haina mbadala, maana kuibadilisha ni kununua bastola nyingine.

Kinachofunguka na kilichochongwa

Sasa yagawe marekebisho katika mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni vitu vinavyofunguka: kilengeo cha nukta nyekundu, vilengeo vya chuma, kifyatulio, vibao vya mpini. Hivi vina soko lake, kwa hiyo vina bei. Kanuni inayofaa ni kuhesabu nusu ya bei ya dukani au zaidi kidogo, kisha kupunguza kwa umri. Vilengeo vya nukta hupitwa upesi na matoleo mapya. Vilengeo vinavyong'aa gizani hutumia tritiamu, ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 na kidogo. Mnunuzi anayejua kazi yake huuliza vilitengenezwa mwaka gani, au hufunika bastola kwa viganja vyake na kuchungulia mwenyewe.

Kifyatulio ni kesi ya peke yake. Bastola ya 1911 ikitoka kiwandani kwa kawaida huvutwa kwa nguvu ya kilo mbili na ushee, na mafundi hodari huishusha hadi karibu kilo moja na nusu bila hatari. Kazi hiyo hiyo ikifanywa kwa tupa juu ya meza ya jikoni, nyundo inaweza kuanguka yenyewe, au risasi mbili zikatoka kwa mvuto mmoja. Mnunuzi haoni kilichomo ndani. Kwa kuwa haoni, anakata bei ya kumlipa fundi aikague, na wakati mwingine anaondoka kabisa. Baadhi ya maduka hayapokei bastola yenye kifyatulio kilichochezewa kwa kuogopa kushtakiwa ajali ikitokea.

Fungu la pili ni vilivyochongwa, kuchomwa, kupakwa au kutiwa nakshi. Hapa pesa nyingi huingia na chache hutoka. Rangi ya kauri, ambayo wengi huiita kwa jina la chapa moja, Cerakote, hulinda chuma vizuri, lakini mnunuzi hawezi kujua inaficha nini chini yake. Herufi za jina lako ubavuni mwa slaidi ni hasara tupu. Kazi ya mkono ni kama suti ya fundi: imekatwa kwa mabega ya mwenyewe, na mnunuzi wa pili hulipia kitambaa tu, labda lebo iwe ya fundi anayejulikana.

Fundi mwenye jina

Lebo hiyo ya fundi anayejulikana ina uzito mkubwa kwenye 1911. Bastola hii iliyobuniwa na John Moses Browning iliingia jeshini Marekani mwaka 1911 na kubaki silaha rasmi ya mkononi hadi Beretta M9 ilipoiondoa mwaka 1985. Wanajeshi, polisi na washindani wa kulenga shabaha waliitumia kwa zaidi ya miaka 70, na pembeni yao kukakua ukoo mzima wa mafundi wa kuikaza, kuisawazisha na kuipamba. Kazi za watu kama Armand Swenson au Jim Clark leo hutafutwa na wakusanyaji kwa sababu ya mikono iliyozifanya.

Katika zama hizi majina yamegeuka kuwa kampuni. Bill Wilson alianzisha Wilson Combat mwaka 1977 huko Berryville, Arkansas. Katika mji huo huo mdogo Nighthawk Custom ilizaliwa mwaka 2004. Ed Brown wako Missouri, Les Baer wako Iowa. Bastola mpya ya 1911 kutoka Ufilipino au Uturuki hupatikana kwa dola 400 hadi 500, Colt ya kawaida kwa karibu 1,000, na hizi za mafundi wakubwa kwa 3,000 na kupanda. Zikitumika hushuka, lakini huwa na mnunuzi wakati wote, kwa kuwa anayeagiza mpya anaweza kusubiri miezi mingi na wapo wanaolipa ili wasisubiri.

Tofauti kubwa iko kwa fundi wa mtaani, hodari lakini asiyejulikana nje ya kaunti yake. Tuseme ulinunua Colt kwa dola 1,000 na kumlipa fundi 2,000. Ikiwa fundi anajulikana kitaifa, na unazo risiti na barua yake yenye namba ya silaha ikieleza kila alichokifanya, kuomba 2,000 hadi 2,400 si ndoto. Ikiwa fundi anajulikana kwako tu, tegemea 1,100 au 1,200, hata kama kazi ni safi kuliko ya wakubwa. Na kazi ya bingwa isiyo na karatasi hurudi katika kundi hili la pili, kwa sababu mnunuzi hawezi kulipia maneno.

Za zamani zina hesabu yao

Kuna kundi moja ambalo rekebisho lolote ni hasara: bastola za kihistoria. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Marekani iliagiza 1911 kutoka kwa viwanda mbalimbali, vikiwemo Remington Rand waliokuwa wakitengeneza mashine za kuchapia na Singer, hao hao ambao cherehani zao bado zinashona barazani Zanzibar na Kariakoo. Singer walitengeneza 500 tu. Leo moja iliyobaki katika hali yake ya asili ni hazina ya mnadani, na imewahi kuuzwa kwa zaidi ya dola 400,000.

Baada ya vita, bastola nyingi za jeshi ziliuzwa kwa raia kwa bei ya chini sana. Hakuna aliyeziona kuwa kumbukumbu. Zikatiwa nikeli, zikachongwa vilengeo vya mashindano, alama za ukaguzi wa jeshi zikasuguliwa hadi zikatoweka. Kila mkato ulipendeza wakati ule, na leo unaweza kukata nusu ya bei au zaidi. Kung'arisha bastola ya babu kabla ya kuiuza ni kosa la aina hiyo hiyo: ukuukuu wa haki una bei kuliko mng'ao mpya.

Nakshi nayo hufuata kanuni ya karatasi. Kitengo cha kumbukumbu cha Colt hutoa, kwa malipo, barua inayoeleza bastola yenye namba fulani iliondokaje kiwandani: rangi gani, vibao vya nini, ilipelekwa kwa nani. Nakshi iliyotajwa kwenye barua hupandisha bei. Nakshi ambayo barua haiijui hushusha. Agosti 2021 mnada wa Bonhams uliuza Colt Single Action Army ambayo Sherifu Pat Garrett alimuulia jambazi Billy the Kid kwa zaidi ya dola milioni 6. Haikuwa bastola ya mapambo. Kilicholipiwa ni tukio, na mlolongo wa karatasi uliolifunga tukio lile kwenye namba ile.

Mizani ya mfano

Turudi kwenye Glock yetu ya dola 1,680. Bei zinatofautiana kwa jimbo na msimu, lakini uwiano hubadilika kidogo.

| Kitu | Gharama | Ikiuzwa nzima | Ikiuzwa vipandevipande |
|---|---|---|---|
| Bastola | 550 | 420 | 380 |
| Kilengeo cha nukta | 300 | 130 | 180 |
| Kuchonga slaidi | 150 | 30 | 0 |
| Vilengeo vya gizani | 110 | 40 | 50 |
| Kifyatulio | 170 | 50 | 85 |
| Vinundu vya mpini | 200 | kasoro 40 | 0 |
| Rangi ya kauri | 200 | 0 | 0 |
| Jumla (dola) | 1,680 | 630 | 695 |

Safu ya mwisho inataka sharti moja: uwe umehifadhi vipuri vya awali, uvirudishe kabla ya kuuza. Bastola imehesabiwa 380 kwa sababu vinundu vya mpini havirudi nyuma. Kama mwenyewe asingeuchoma mpini, angeokoa dola 200 za kazi na 40 nyingine za bei.

Ona pia kuchonga slaidi. Zamani nafasi ya kilengeo ilikuwa kazi ya fundi peke yake, na mnunuzi aliilipia. Glock walianza kuuza matoleo yao ya MOS, yenye nafasi hiyo kutoka kiwandani, mwaka 2015, na wengine wengi wanafanya vivyo hivyo. Kiwanda kikishauza kwa bei nafuu kile ulichomlipa fundi, thamani ya kazi ya fundi hudidimia.

Njia za kuuza

Ukiipeleka dukani ili ichukuliwe papo hapo, au kubadilishana na nyingine kwa kuongeza pesa, tegemea nusu au zaidi kidogo ya bei ambayo duka litaiuzia. Zile 350 za mwanzo hazikuwa utapeli: ni zaidi kidogo ya nusu ya 630, na duka linabeba hatari, ushuru na miezi ya kusubiri.

Ukiiacha dukani kwa mali kauli, duka hukata kati ya asilimia 10 na 20 ikiuzwa. Kwenye 630 utabaki na dola 504 hadi 567. Kwa mtu asiyependa kupiga picha wala kujibu maswali, hii mara nyingi ndiyo njia nzuri.

Mnada wa mtandaoni hukufikishia wanunuzi wa nchi nzima, jambo la maana kwa bastola ya fundi mwenye jina, lakini kwa Glock ya kawaida ada za mnada na usafirishaji hula faida. Kampuni kubwa za vifurushi zimebana sheria zao, kwa hiyo mtu binafsi kwa kawaida hulazimika kulipa duka lenye leseni limsafirishie.

Kumuuzia mtu wa jimbo lako ana kwa ana kunabakiza pesa nyingi zaidi kwa bastola nzima. Fanyeni mauzo ndani ya duka, mnunuzi akaguliwe, mlipe dola 25 hadi 50 na risiti ibaki. Majimbo kadhaa yanalazimisha utaratibu huo. Kwenye yasiyolazimisha, bado utaratibu huo unakulinda siku bastola itakapopatikana mahali pabaya.

Sheria inayopunguza wanunuzi

Kila kifungu kinachopunguza wanaoweza kununua hupunguza bei. Tangu sheria ya udhibiti ya mwaka 1968, bastola inayovuka mpaka wa jimbo lazima ipitie kwa muuzaji mwenye leseni upande wa mnunuzi. Mnunuzi naye lazima awe na miaka 21 kununua dukani na apite ukaguzi wa papo hapo wa shirikisho ulioanza mwaka 1998. California ina orodha ya bastola zilizoidhinishwa. Isiyomo haiuzwi mpya kwa raia wa kawaida, lakini mwenyeji anayeimiliki tayari anaweza kumuuzia mwenyeji mwenzake kupitia duka, kwa hiyo bastola ile ile huwa ghali zaidi Los Angeles kuliko Dallas. Kinyume chake, mtutu uliotiwa hesi mwishoni huiondoa bastola mikononi mwa wanunuzi wa California moja kwa moja.

Yapo marekebisho yanayozidi hasara ya bei. Kipande kidogo kinachofungwa nyuma ya slaidi kuifanya bastola imimine risasi mfululizo kisheria ni bunduki ya rashasha, na kukimiliki kinyume cha sheria kunaweza kumfunga mtu hadi miaka 10. Kumiliki bastola huku ukijua namba yake imefutwa, hata kwa kung'arishwa au kupakwa rangi, nako ni jinai.

Msomaji wetu wa Afrika Mashariki anayeishi Minneapolis au Columbus azingatie hadhi yake ya uhamiaji kwanza. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kununua kama raia, akitimiza masharti ya jimbo lake. Aliye kwa viza ya masomo au matembezi kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa kwa misamaha michache. Wala asifikirie kuitia kwenye begi la kurudi nyumbani: Kenya na Tanzania umiliki hupitia kibali cha mamlaka kwa mtu na kwa silaha, na soko huria la aina hii halipo.

Nani afanye nini

Ukitaka bastola iliyorekebishwa, nafuu zaidi ni kununua iliyokwisha kurekebishwa. Yule bwana wa kaunta alitoa 1,680. Mnunuzi wake ataipata kwa 630, na akilipa fundi dola 100 aikague bado atakuwa amepata vitu vya 1,680 kwa chini ya nusu. Ikaguliwe kabla hujalipa, na kifyatulio kiwe cha kwanza kuangaliwa.

Ukitaka kurekebisha ya kwako huku ukijua siku moja utauza, nunua toleo la kiwandani lililokwisha kuandaliwa kwa kilengeo, funga vinavyofunguka tu, na kila kipuri unachokitoa kiingie kwenye mfuko wenye lebo ndani ya sanduku la awali. Ukitaka kazi ya kuchonga, ama mpe fundi ambaye jina lake litatambuliwa na mtu asiyekufahamu, ama hesabu pesa hizo kuwa za starehe, zilizokwisha kuliwa.

Na ukiwa tayari unauza, fungua vinavyofunguka, rudisha vya awali, linganisha na minada iliyolipwa, kisha taja bei yako. Ukiwa na risiti za fundi, zitaje kwenye mstari wa kwanza wa tangazo. Ukiwa huna, usilitaje jina lake kabisa.